Kumbi Lenye Msalaba

Kumbi letu la jando lilikuwa chini ya mlima wa mawe, mwendo wa robo saa kutoka kanisani. Mlangoni pake palisimamishwa msalaba wa miti miwili iliyofungwa kwa kamba ya gome. Ilikuwa Julai 1958, mtama umekwisha kuvunwa, nami nina miaka tisa. Padre alitubariki alfajiri, ngariba akatukata kabla jua halijapata nguvu, kisha dresa wa misheni akaja na bakuli la maji ya dawa na bendeji. Nililia, ingawa babu alikuwa amenionya wiki nzima kwamba mwanaume halii.

Nikiwasimulia watu wa mbali habari za jando la Kikristo, huguna. Hata wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, waliguna, tena kwa miaka mingi. Kwao jando lilikuwa mizimu na nyimbo chafu, basi wakawakataza waumini wao. Lakini kwetu Masasi, kusini mwa Tanzania, awe Myao au Mmakua, asiyeingia kumbini alihesabiwa mtoto hata akiota mvi. Vijana wakawa wanatoroka. Wengine waliingia jando la Waislamu, wakatoka na jina jipya na dini mpya.

Hapo ndipo anapotajwa Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi, 1926 hadi 1944. Yeye aliona afadhali Kanisa liingie kumbini kuliko kusimama nje likikemea. Sifa hizo ni zake, simnyang'anyi. Ila wanaomsimulia humsimulia kana kwamba alioteshwa. Lucas hakuzaliwa na jando. Waliokuwa nalo mwilini ni mapadre Waafrika, akina Kolumba Msigala, na ndio waliojua kipi king'olewe na kipi kikiguswa tu watu wataondoka na watoto wao. Lupanda, lile tawi la panda lililosimikwa kwa ajili ya wahenga, lilipisha msalaba. Kunyolewa, kupakwa mafuta, kuvishwa nguo mpya na kuchoma kumbi bila kugeuka nyuma, hayo yalibaki. Nyimbo za matusi ziliondolewa. Sisi tulifundishwa usiku, dresa akishakwenda kulala.

Babu, aliyekuwa mzee wa kanisa, hakushangaa Kanisa kuwasikiliza watu hivyo. Alikuwa akisema Masasi yenyewe ilianza kwa watu kutua mizigo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, ambaye kule Unguja alikuwa akijenga kanisa palipokuwa soko la watumwa, alichukua watu zaidi ya 50 waliokombolewa, wakipanda bara kutoka Lindi. Nia yake ilikuwa kuwafikisha karibu na Ziwa Nyasa, kwao walikotekwa. Walipofika Masasi wakaona maji, udongo mzuri na milima ya kujifichia, wakasema hapa panatosha. Askofu alikuwa na safari yake kichwani, lakini aliwasikiliza. Babu alipofika hapo alikuwa akinyamaza kidogo, akivuta ugoro, ili tulielewe jambo hilo: watu walionunuliwa na kuuzwa, safari hii wamechagua wenyewe pa kukaa.

Milima haikutosha. Septemba 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara waliivamia Masasi, wakaua, wakateka, na misheni ikahamia Newala. Kile kijiji cha waliokombolewa, kilichotawaliwa na Wazungu wa misheni, kikiwa na sheria zake na adhabu zake, kikavunjika. Mimi sikisikitikii sana. Kazi iliyofuata ilikuwa bora, nayo ilishikwa na Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, aliyekaa Chitangali kwa chifu Nakaam na mwaka 1890 akawa padre wa kwanza Mwafrika wa UMCA. Hakuhitaji boma wala mkalimani. Alikaa na watu.

Kwa wasichana mambo hayakwenda hivyo. Kanisa lilijaribu kuugeuza unyago kama lilivyogeuza jando, likakwama. Mapadre wetu hawakuwahi kuingia huko, na waliokuwa na ufunguo ni wanawake wazee, ambao hawakuona sababu ya kuutoa. Nakumbuka mmisionari mmoja mwanamke, mpole, Kiswahili chake safi, alikuja nyumbani kumuuliza bibi yangu unyago una nini ndani na Kanisa lisaidie wapi. Bibi alimtandikia mkeka. Akapika ugali wa mtama na kisamvu cha karanga, wakala, wakaongea habari za mvua na za wajukuu, na jua lilipopoa akamsindikiza mpaka njia panda akiwa amembebea kikapu.

Aliporudi nikamuuliza, "Bibi, umemjibu nini?"

"Si nimemlisha, mjukuu wangu," akasema, akaingia ndani kutafuta kiberiti.