Homa ya Baridi Yabisi: Maumivu ya Koo Yanayoweza Kuharibu Moyo wa Mtoto

Mtoto wa umri wa kwenda shule anapolalamika maumivu ya koo, familia nyingi humpa maji ya uvuguvugu yenye chumvi asukutue, na baada ya siku chache hali hutulia. Kwa watoto walio wengi jambo huishia hapo. Kwa wachache, maumivu hayo huwa mwanzo wa homa ya baridi yabisi, maradhi yanayoweza kuacha kilema cha moyo cha maisha yote.

Magonjwa ya moyo ya watoto yako katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni ya kuzaliwa nayo, kama vile tundu kwenye moyo. Kisukari cha mama kisichodhibitiwa kabla na mwanzoni mwa ujauzito ni miongoni mwa mambo yanayoongeza uwezekano wake. Kundi la pili ni yale yanayompata mtoto baada ya kuzaliwa. Humo ndimo iliko homa ya baridi yabisi, ambayo inaweza kuzuilika.

Chanzo chake ni bakteria aina ya streptokoka wa kundi A wanaoshambulia koo. Kinga ya mwili inapopambana nao, kwa baadhi ya watoto hugeuka na kushambulia viungo na moyo wenyewe. Dalili hujitokeza wiki mbili hadi nne baadaye, hasa kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 15: homa, maumivu na uvimbe wa viungo unaohama kutoka goti hadi kifundo cha mguu au kiwiko, na pengine mwili kuchezacheza bila hiari. Shambulio likijirudia, vali za moyo hupata makovu, na mtoto huanza kuchoka upesi na kuishiwa pumzi.

Dawa ya kuzuia hali hiyo ni ya siku nyingi na ya bei nafuu: penisilini. Ikitolewa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, huzuia homa ya baridi yabisi. Aliyekwisha kuugua huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka kadhaa.

Utafiti uliofanyika nchini Uganda na kuchapishwa mwaka 2021 ulipima manufaa ya sindano hizo kwa watoto wenye dalili za awali zisizoonekana kwa macho. Baada ya watoto zaidi ya 100,000 kupimwa moyo kwa mawimbi ya sauti, 818 wenye umri wa miaka 5 hadi 17 waligawanywa makundi mawili. Miaka miwili baadaye, ugonjwa ulikuwa umeongezeka kwa watoto 3 kati ya 399 waliochomwa sindano kila wiki nne, na kwa 33 kati ya 400 ambao hawakuchomwa.

Kwa mkazi wa Malolo, mkoani Lindi, matokeo hayo yana uzito wa pekee. Upasuaji wa moyo kwa watoto hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, jijini Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 400. Sindano ya penisilini haihitaji safari hiyo.

Wazazi na walezi wanashauriwa kumpeleka mtoto zahanati mapema anapoumwa koo akiwa na homa na tezi za shingo zilizovimba, hasa ikiwa hana mafua wala kikohozi. Wamweleze mhudumu iwapo mtoto amewahi kudhurika kwa dawa yoyote. Aliyeanzishiwa sindano asikatishwe kwa sababu tu anaonekana mzima; kuzisitisha ni uamuzi wa daktari.