Ufuatiliaji wa afya ya diski na safu za RAID katika seva za mbali

Ufuatiliaji wa afya ya diski ni kazi ya kusoma mfululizo dalili zinazotolewa na diski za seva, ili ijulikane mapema ipi imeanza kuharibika. Kazi hii huwa nzito zaidi fundi anapokaa mbali na mashine. Chunya ni mfano wa wazi. Mji huu wa wachimbaji dhahabu uko takriban kilomita 70 kwa barabara kaskazini mwa Jiji la Mbeya, ng'ambo ya milima. Hospitali, halmashauri na soko la madini lililofunguliwa mwaka 2019 huhitaji kumbukumbu za kila siku, na ofisi inayotaka kuhudumia watu hata intaneti ikikatika hulazimika kuweka seva yake jengoni.

Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza namna ya kuunganisha diski kadhaa za bei nafuu katika safu zifanye kazi kama moja, wakaupa mpango huo jina la RAID. Kati ya aina zake, RAID 5 hustahimili kufa kwa diski moja, RAID 6 mbili. Hatari imejificha humo humo: diski ya kwanza ikifa, kazi haisimami. Karani anaandikisha wagonjwa, risiti zinatoka, na safu inaweza kukaa miezi bila kinga pasipo mtu kujua. Kwenye RAID 5 kinachoangamiza data ni diski ya pili, nayo mara nyingi ilinunuliwa siku moja na ya kwanza na imezeeka sawa nayo. Safu isiyofuatiliwa huahirisha msiba tu.

Diski nyingi hujipima zenyewe kwa mfumo uitwao SMART. Vipimo vya kutazama kwanza ni namba 5, 197 na 198, vinavyohesabu sekta zilizohamishwa, zinazosubiri uamuzi na zilizoshindikana kusomeka. Programu ya smartd huvisoma na inaweza kupangwa itume barua pepe vikipanda. Mdadm hufanya hivyo kwa safu za Linux diski inapoanguka. Seva yenye kadi ya RAID huficha diski nyuma ya kadi, hivyo smartd isipoelekezwa ipasavyo haizioni moja moja. Hata hivyo SMART haitoshi: uchunguzi wa Google wa mwaka 2007, uliohusu diski zaidi ya 100,000, ulikuta zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kuu. Kwa hiyo safu nzima isomwe mara kwa mara, kwani sekta mbovu ambayo haijaguswa kwa muda mrefu hujitokeza wakati mbaya kuliko wote, yaani safu inapojengwa upya. Mfumo wa Debian huzisoma safu za mdadm Jumapili ya kwanza ya kila mwezi.

Kwa seva ya mbali, ukimya hauthibitishi uzima. Barua ya tahadhari haifiki umeme ukiwa umekatika au mtandao ukiwa chini. Ni bora seva itume salamu kila siku na fundi aliyeko Mbeya aarifiwe salamu isipofika. Modemu yenye laini ya simu iwe njia ya pili. Diski ya akiba ikae ndani ya seva yenyewe, ili safu ianze kujijenga bila kusubiri safari. Nakala rudufu nazo zihifadhiwe nje ya jengo, kwa sababu faili likifutwa, RAID hulifuta kwenye diski zote.

Anayechomoa diski Chunya huenda ni karani wa masijala, si fundi. Akichomoa diski nzima badala ya mbovu kwenye RAID 5 iliyokwisha kupoteza moja, safu yote inaanguka. Kila tundu la diski libandikwe namba ya diski iliyomo, na kabla ya kuchomoa, amsomee fundi namba hiyo kwa simu mpaka fundi aithibitishe.