Roho Zisizohesabiwa: Kesi ya Darya Saltykova

Oktoba 1768, katika Uwanja Mwekundu jijini Moscow, mwanamke wa miaka 38 alipandishwa jukwaani, akafungwa kwa minyororo kwenye nguzo na kusimamishwa hapo saa nzima mbele ya umati. Shingoni alitundikwa kibao chenye maneno mawili ya Kirusi. La kwanza maana yake ni mtesaji. La pili, ukilichambua, ni mwangamiza roho.

Neno hilo la pili lina uzito ambao pengine walioliandika hawakuupima. Katika Urusi ya karne ya 18, roho lilikuwa pia neno la kodi. Tangu enzi za Petro Mkuu serikali ilitoza kodi ya kichwa, na kila kichwa kilichoandikwa daftarini kiliitwa roho. Kabaila aliulizwa ana roho ngapi, naye akajibu mia mbili au elfu moja, na huo ndio ukawa utajiri wake. Walioandikwa kulipiwa kodi walikuwa wanaume peke yao. Mke wa mtwana, binti yake na mama yake hawakuingia katika hesabu hiyo. Na karibu wote ambao Darya Nikolayevna Saltykova alipatikana na hatia ya kuwaua walikuwa wanawake na wasichana.

Alizaliwa mwaka 1730 katika familia ya kikabaila ya Ivanov, akaolewa na Gleb Saltykov, ofisa wa kikosi cha walinzi wapanda farasi na mtu wa ukoo uliokuwa na magavana na majenerali. Mume alifariki mama huyu akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, akamwachia wana wawili, mashamba katika mikoa ya Moscow, Vologda na Kostroma, na watwana na wajakazi wapatao 600. Nyumba yake ya mjini ilikuwa pale mtaa wa Kuznetsky Most unapokutana na Bolshaya Lubyanka, katikati kabisa ya Moscow. Nje ya mji alikuwa na shamba la Troitskoye.

Watwana hao hawakuwa watumwa walionunuliwa kutoka ng'ambo. Walikuwa Warusi, Wakristo wa kanisa lilelile la bwana wao, wakulima ambao sheria ya mwaka 1649 iliwafunga kwenye ardhi ya kabaila wao na wajukuu wao, bila mwisho. Kufikia karne ya 18 waliuzwa, walitolewa zawadi, waliozeshwa kwa amri. Kuanzia mwaka 1760 kabaila aliweza kumpeleka mtwana Siberia bila kumfikisha mbele ya hakimu.

Kilichotokea ndani ya nyumba zile kinajulikana. Wajakazi walikufa kwa makosa madogo mno: sakafu haikusuguliwa vizuri, nguo hazikutakata. Bibi alianza mwenyewe, kwa gogo la kuni, kwa mti wa kusukumia unga, kwa koleo la moto, kwa maji yanayochemka. Akichoka, watunza farasi walipewa mijeledi waendelee huku akisimama kuwahimiza. Wengine walifungiwa nje kwenye baridi kali, wengine walinyimwa chakula. Miili ilipelekwa Troitskoye, na padri alikubali kuizika kama watu waliokufa kwa maradhi.

Watu walilalamika. Hapa huwa nasikitika kila ninapoona kesi hii ikisimuliwa kana kwamba watwana walikaa kimya mpaka malkia mwema alipotokea. Wachunguzi walikuta malalamiko 21 yaliyokwisha kufikishwa kwa wakuu wa Moscow miaka iliyotangulia. Yote yalizimwa. Ilikuwa kesi ya ngedere iliyopelekwa kwa nyani: maofisa walipokea fedha na zawadi kutoka kwa mama huyo, wakamrudishia walalamikaji wake. Waliorudishwa walichapwa, wengine wakaishia Siberia. Kila aliyekwenda kulalamika alijua yaliyompata aliyemtangulia, na bado alikwenda.

Yermolay Ilyin alikuwa mtunza farasi katika nyumba hiyo. Mke wake wa kwanza, Katerina, aliuawa. Akaozeshwa wa pili, Fedosya, naye akauawa. Akaozeshwa wa tatu, Aksinya, naye akauawa. Kiangazi cha mwaka 1762 yeye na mwenzake Savely Martynov walitoroka wakaenda mpaka St. Petersburg na barua ya malalamiko, wakati Ekaterina II ndiyo kwanza amemwondoa mumewe Petro III na kukalia kiti cha enzi. Barua ilimfikia malkia mikononi. Ndani yake Ilyin hakuomba uhuru wala mali. Alieleza vifo vya wake zake, akaomba wasirudishwe kwa bibi yao.

Malkia mpya, mzaliwa wa Ujerumani aliyepata taji kwa mapinduzi, alihitaji kuonyesha kwamba sheria ina mwenyewe. Faili likapelekwa Moscow. Idara ya sheria ikamkabidhi Stepan Volkov, mtumishi wa serikali asiye na ukoo mkubwa nyuma yake, akisaidiwa na kijana wa kikabaila, Dmitry Tsitsianov. Nadhani kutokuwa na ukoo kulimsaidia Volkov. Hakuwa na shemeji wa kumwonea haya.

Volkov alianzia kwenye makaratasi. Alichukua daftari za bibi huyo mwenyewe, akafuata jina kwa jina: nani alikuwepo, nani hayupo, yuko wapi. Humo alikuta majina ya maofisa waliopewa hongo. Alikuta pia wasichana wa miaka ishirini walioletwa kutumika nyumbani wakiwa wazima, na wiki chache baadaye wameandikwa wamekufa. Wengine waliandikwa kwamba wamerudishwa vijijini, lakini huko hawakuonekana. Alipomaliza alikuwa na majina 138 yenye utata. Zana ileile ya kuhesabia mali ndiyo iliyomshtaki mwenye mali.

Mapema mwaka 1764 Saltykova alinyang'anywa usimamizi wa mashamba yake na kuwekwa chini ya ulinzi. Hakukiri. Padri aliwekwa naye amshawishi atubu, hakutubu. Wachunguzi walitaka ruhusa ya kumtesa, jambo la kawaida kwa washtakiwa wa zama hizo, malkia akakataza. Wakamchukua kumwonyesha mhalifu mwingine akiteswa, wakitumaini ataogopa. Hakutikisika. Watumishi wake waliohojiwa hawakupata stahi hiyo.

Kuna kisa kimoja katika faili hili kinachostahili kukaliwa kidogo. Saltykova alikuwa na uhusiano wa mapenzi na mpima ardhi, kapteni Nikolai Tyutchev. Tyutchev alipomwacha ili aoe mwingine, mama huyu alinunua baruti na kuwatuma watunza farasi wake wakailipue nyumba ya wachumba hao. Waliotumwa walirudi bila kuwasha moto, wakijua kinachowasubiri nyumbani. Akapanga tena wamvizie njiani. Watwana wakamwonya Tyutchev. Mtu aliyeokolewa na watu wasiokuwa na haki hata ya miili yao alikuja kuwa babu wa Fyodor Tyutchev, mmoja wa washairi wakubwa wa lugha ya Kirusi. Huwa najiuliza ni wangapi kati ya wanaozikariri beti zake wanaojua kwamba nasaba hiyo ilinusurika kwa sababu watunza farasi kadhaa walikataa kuua.

Uchunguzi ulichukua miaka sita. Idara ya sheria ilimkuta na hatia isiyo na shaka ya vifo vya watu 38, na kumshuku kwa vingine 26. Malkia aliandika hukumu kwa mkono wake, akaifuta, akaiandika upya. Mwishowe akamnyima jina la baba, jina la mume na daraja la ukabaila, akaamuru asimamishwe uwanjani kisha afungwe maisha chini ya ardhi. Akaongeza amri nyingine: tangu siku hiyo mtu huyo aitwe mwanamume.

Kirusi hutenganisha yeye wa kike na yeye wa kiume, hivyo amri ile iliweza kuingia katika kila sentensi iliyoandikwa juu yake. Sisi wa Kiswahili, ambao yeye wetu ni mmoja, tunaweza kuona wepesi wa hila hiyo. Kumwita mwanamume kulikuwa kumtoa katika jinsia yake, kama vile kumvua jina kulivyomtoa katika tabaka lake. Akishatolewa kote huko, hakuna mwanamke wala kabaila aliyehitaji kujitazama katika kioo chake. Amekuwa dubwana, na dubwana halina ndugu.

Jambo kama hilo lilimpata pia Erzsébet Báthory, kabaila wa Hungaria aliyetuhumiwa kuua wasichana, anayejulikana zaidi. Alikamatwa Desemba 1610 na kufa kifungoni mwaka 1614, na hadithi kwamba alioga damu ya mabikira ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1729, zaidi ya karne baada yake. Damu ile ya kubuni imefunika kila kitu, hata wasichana wenyewe. Watumishi wake ndio waliouawa hadharani, yeye akafungiwa ngomeni. Moscow nako, siku ileile ya Oktoba, padri na watumishi waliomsaidia Saltykova walichapwa mijeledi, wakachanwa pua na kupelekwa kazi ngumu Nerchinsk, huko Siberia. Bibi hakuguswa mwilini.

Na sasa tarehe ambayo mara nyingi huachwa nje ya simulizi hii. Agosti 1767, uchunguzi ukiwa haujafika mwisho, Ekaterina huyohuyo alitia sahihi amri iliyowakataza watwana kumpelekea malalamiko dhidi ya mabwana zao. Atakayethubutu, na atakayemwandikia barua, achapwe na kupelekwa Nerchinsk. Amri iliagizwa isomwe makanisani Jumapili na sikukuu kwa mwezi mzima, ili mtu yeyote asije kusema hakusikia. Kwa hiyo Saltykova alipofungwa kwenye nguzo mwaka uliofuata, njia aliyopita Ilyin kumfikisha pale ilikuwa imekwisha kuzibwa. Kama Ilyin angechelewa miaka mitano, yeye ndiye angepelekwa Siberia. Sipati namna ya kumsifu malkia kwa hukumu ya 1768 bila kuikumbuka amri ya 1767. Watwana wa Urusi walisubiri mpaka mwaka 1861 ndipo utwana ukafutwa.

Saltykova alifungiwa katika nyumba ya watawa wa kike ya Ivanovsky, kwenye chumba kilichochimbwa chini, bila dirisha. Mwanga ulikuja na chakula na kuondoka nacho. Alikaa humo miaka 11. Mwaka 1779 alihamishiwa kibanda cha mawe chenye dirisha la nondo, na watu wa Moscow wakawa wanakwenda kumchungulia. Aliwatukana na kuwatemea mate. Uvumi ulikwisha kumfanya mla watu, wakaja kumtazama mla watu.

Alikufa mwaka 1801, baada ya miaka 33 kifungoni, akiwa na umri wa miaka 71. Alizikwa kwenye makaburi ya monasteri ya Donskoy, miongoni mwa jamaa zake.