Gorogoro, mtungi na ‘thumuni ya ekari’: Vipimo vya Nyalenda

Katika vibanda vya nafaka mtaani Nyalenda, mjini Kisumu, ni nadra kumsikia mnunuzi akiagiza kilo ya mahindi. Kipimo kinachotajwa ni gorogoro, yaani mkebe wa bati uliotengenezwa kubebea kilo 2 za mafuta ya kupikia.

Utata huanzia hapo. Kilo hizo 2 ni za mafuta, si za mahindi. Mkebe hupima ujazo wala haupimi uzani, na ukijazwa mahindi hadi ukingoni pekee haufikishi kilo 2. Ndiyo maana mnunuzi hudai kilele, yale mahindi yanayorundikwa juu ya mkebe hadi yaanze kumwagika. Kwa omena wakavu, ambao ni wepesi, mkebe uo huo huwa na uzani mdogo zaidi.

Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, inataka vipimo vya biashara vikaguliwe na kupigwa muhuri. Mkebe wa mafuta haukukusudiwa kazi hiyo, nao huharibiwa kwa urahisi: mchuuzi mlaghai hubonyeza kitako chake kiingie ndani, na konzi nzima ya nafaka hutoweka. Kwa anayenunua gunia, konzi moja si kitu. Kwa mama anayenunua gorogoro moja jioni kwa ujira wa siku hiyo, hasara hiyo humrudia kila jioni.

Gunia lenyewe lina kioja chake. Kilo 90 ni kiasi cha ajabu katika mfumo unaohesabu kwa makumi na mamia, lakini hayo ni mabaki ya ratili 200 za Kiingereza, sawa na kilo 90.7. Debe nalo lilitokana na bati la mafuta ya taa la galoni 4, takriban lita 18.

Kwa upande wa maji, kampuni ya KIWASCO huhesabu kwa mita za ujazo, ilhali kioskini maji huuzwa kwa mtungi wa lita 20. Mita moja ya ujazo ni mitungi 50. Anayetaka kulinganisha bei ya kioski na ankara ya jirani mwenye mfereji hana budi kuzidisha kwa 50, hesabu ambayo wachache huifanya wakiwa foleni.

Ardhi ndiyo yenye hasara kubwa. Ploti ya futi 50 kwa 100 huitwa thumuni ya ekari, ingawa hatimiliki huandikwa kwa hekta. Thumuni halisi ni futi 5,445 za mraba. Ploti hiyo ina 5,000. Pengo la futi 445 linatosha vyumba vinne vya kupangisha vya futi 10 kwa 10.