Udongo Uliomfungulia Paka Mlango

Kabla ya mwaka 1947, paka aliyelala ndani katika miji ya Marekani alijisaidia kwenye majivu. Mwenye nyumba alichota majivu ya makaa ya mawe kwenye jiko, akayamwaga kwenye beseni au sanduku la mbao, akaliweka pembeni, mara nyingi karibu na mlango wa nyuma. Wengine walitumia mchanga, unga wa mbao au magazeti yaliyochanwachanwa. Vitu hivyo vilipatikana bure au kwa senti chache, lakini hakuna hata kimoja kilichoweza kuizuia harufu. Ndiyo maana familia nyingi zilimtoa paka nje usiku ulipoingia, hata theluji iwe imejaa uani.

Ukali wa harufu hiyo una asili yake. Mwaka 2007, Carlos Driscoll na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti wa vinasaba ulioonyesha kwamba paka wote wa nyumbani wametokana na paka-mwitu wa Mashariki ya Kati, wa jamii ileile inayopatikana Afrika kuanzia kaskazini hadi kusini. Ni mnyama wa nchi kame. Figo zake hubana maji yasipotee, kwa hiyo mkojo wake hutoka mzito, umejaa urea, na bakteria wakishaivunja hiyo urea hutoka amonia inayochoma pua. Huyohuyo mnyama hupenda kuchimba ardhi tifutifu, kujisaidia, kisha kufukia. Huko Cyprus wanaakiolojia wamefukua kaburi la miaka ipatayo 9,500 ambamo paka alizikwa karibu na mtu. Urafiki huo ni mkongwe, ila kwa sehemu kubwa ya miaka yote hiyo choo cha paka kilikuwa nje, ardhini, alikochagua mwenyewe.

Kumwingiza ndani moja kwa moja kulihitaji kitu kitakachowaridhisha wawili kwa pamoja: mtu kwa pua yake na paka kwa nyayo zake. Historia ya mchanga wa paka, yaani chochote anachowekewa sandukuni ajisaidie, ni historia ya kuwatafutia hawa wawili mapatano, na mara nyingi anayelipa amependelewa kuliko anayetumia.

Mapatano ya kwanza ya maana yalipatikana Cassopolis, mji mdogo katika jimbo la Michigan, Januari 1947. Edward Lowe, kijana wa miaka 26 aliyekuwa ametumikia jeshi la majini, alifanya kazi katika biashara ya baba yake iliyouza vitu vya kunyonya mafuta na grisi kwenye sakafu za viwanda. Ghalani mlikuwa na unga wa mbao, mchanga, na punje za udongo uliokaushwa kwenye tanuri. Udongo wa aina hiyo ulikuwa na historia ndefu: kwa karne nyingi mafundi wa sufu wa Ulaya waliutumia kuondoa mafuta kwenye vitambaa. Lowe alikuwa amejaribu kuwauzia wafugaji wa kuku wautandaze kwenye viota vya kutagia, asipate soko.

Kisha jirani yake akaja kuomba mchanga. Rundo lake la mchanga lilikuwa limeganda kwa baridi, na majivu aliyokuwa akiyatumia yalimchosha kwa sababu paka aliacha alama nyeusi za nyayo nyumba nzima. Lowe akampa mfuko wa udongo wa punje ajaribu. Haukupita muda, yule mama akarudi kutaka mwingine, wala hakuulizia tena mchanga.

Lowe akajaza mifuko kumi ya karatasi, kila mmoja pauni 5, yaani kilo mbili na robo hivi. Juu yake aliandika kwa mkono "Kitty Litter", akapanga bei ya senti 65. Mwenye duka la wanyama aliyepelekewa alishangaa: nani atatoa senti 65 anunue udongo, na mchanga unapatikana kwa bei ya kutupa? Lowe akamwambia augawe bure kwanza. Waliogawiwa walirudi na pesa mkononi. Baada ya hapo kijana huyo alipakia mifuko kwenye gari lake aina ya Chevrolet akazunguka kwenye maduka ya miji mingine, na kwenye maonyesho ya paka akabuni njia ambayo hadi leo inastahili sifa: alijitolea kusafisha masanduku ya paka walioletwa kushindanishwa, naye akapewa nafasi ya kuonyesha bidhaa yake. Ukumbi uliojaa paka ulikuwa tangazo tosha. Wafugaji walinusa tofauti wenyewe.

Udongo ulikuwapo ghalani siku zote. Alichoongeza Lowe ni kuamini kwamba shida ya jirani mmoja ilikuwa shida ya maelfu ya nyumba, na kwamba watu hao wangelipia suluhisho lake. Mwaka 1964 akatoa jina la pili, Tidy Cat, kwa ajili ya maduka makubwa ya vyakula. Wakati huo chakula cha paka cha makopo kilikuwa kimeenea, na kuhasi paka kulizidi kuwa jambo la kawaida, hivyo sababu za kumfungia nje zilikuwa zikipungua moja baada ya nyingine. Mwaka 1990 Lowe aliuza biashara yake kwa takriban dola milioni 200. Alifariki mwaka 1995. Taasisi aliyoianzisha na mkewe kusaidia wajasiriamali bado iko palepale Cassopolis.

Hata hivyo udongo wa Lowe ulikuwa na kasoro. Ulinyonya mkojo, lakini punje zilizolowa zilibaki zimechanganyika na kavu au kuzama chini ya sanduku. Mwenye nyumba aliweza kuondoa kinyesi kwa kijiko, lakini mkojo hakuweza kuutoa bila kumwaga sanduku lote, kuliosha na kulijaza upya. Kazi hiyo ilikuwa ya kila wiki, na wengi waliiahirisha.

Mabadiliko ya pili yalitoka Texas. Mwaka 1984 Thomas Nelson, mwanabiokemia wa Houston aliyefuga paka wa nasaba maalumu, alichunguza kwa nini udongo wa aina fulani ukilowa hujishika kuwa donge gumu. Udongo huo ni bentonaiti. Jina hilo ulipewa mwaka 1898 na mwanajiolojia Wilbur Knight kutokana na miamba ya Benton huko Wyoming, jimbo linaloongoza Marekani katika kuuchimba. Ulitokana na majivu ya volkano yaliyotua kwenye bahari ya kale enzi za dinosauri, yakageuka udongo kwa mamilioni ya miaka. Bentonaiti yenye sodiamu hufutuka vibaya sana ikikutana na maji, hadi mara kadhaa ya ujazo wake mkavu. Wachimba visima vya mafuta huitumia kwenye tope la kuchimbia kwa sababu ya sifa hiyohiyo.

Kwa mfuga paka, maana yake ilikuwa nyepesi kueleza na kubwa katika maisha ya kila siku. Mkojo uligeuka donge, donge likachotwa kwa kijiko chenye matundu, na mchanga uliobaki ukaendelea kutumika kwa siku nyingi zaidi. Na kwa kuwa bentonaiti ya kusagwa ina chembe ndogo, paka naye alipata kitu kilichokaribia ardhi ya jangwa la mababu zake. Mwaka 1991 mtaalamu wa tabia za wanyama Peter Borchelt aliripoti kwamba paka waliopewa nafasi ya kuchagua waliupenda zaidi mchanga laini unaoganda madonge kuliko aina nyingine alizowawekea. Hapa pua na nyayo zilikubaliana kwa mara nyingine.

Wenye viwanda hawakuishia hapo. Walikuwa wameanza kutia manukato, na bado wanatia: waridi, sabuni, misitu ya misonobari. Manukato hayo ni ya kumvutia anayebeba kikapu dukani. Paka ana pua kali mno, na akiingia kwenye sanduku lililotiwa marashi huwa kama mtu aliyefungiwa kwenye stoo ya duka la manukato. Utafiti wa Debra Horwitz wa mwaka 1997, uliopitia kumbukumbu za paka waliokuwa wakijisaidia ovyo ndani ya nyumba, uligundua kwamba mchanga wenye manukato ulitumika zaidi katika nyumba za paka wenye tatizo hilo. Paka wengi huadhibiwa na hata kufukuzwa kwa kosa la kulikataa sanduku ambalo mtu hakufikiria kulinusa kwa pua ya paka. Hiyo ni dhuluma, na dawa yake, mchanga usio na manukato, ni rahisi kuliko wafugaji wengi wanavyodhani.

Bidhaa nyingine zikafuata: punje za karatasi zilizotengenezwa upya kutokana na magazeti, punje za msonobari, mahindi, ngano, na fuwele za silika, kitu ambacho Walter Patrick wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alikipatia hataza mwaka 1919, miaka mingi kabla ya mtu kufikiria kumwekea paka. Huko Hispania, viunga vya Madrid vina machimbo makubwa ya sepiolaiti, udongo mwepesi ambao umesambazwa sana Ulaya kwa kazi hii.

Kwamba aina hizi za mchanga wa paka si sawa, tukio la jimbo la New Mexico lilithibitisha kwa namna ambayo hakuna mfuga paka angeiwazia. Wahandisi wa nyuklia wa Marekani hutumia mchanga wa paka kunyonya unyevu katika mapipa ya taka. Katika maabara ya Los Alamos, taka zenye chumvi za naitreti zilichanganywa na mchanga wa ngano badala ya udongo. Udongo hauungui, ila ngano ni chakula, na chakula kikikutana na naitreti huweza kupata moto. Tarehe 14 Februari 2014 pipa moja lilipasuka ndani ya ghala la taka za nyuklia la WIPP karibu na Carlsbad, zaidi ya mita 600 chini ya ardhi, na chembe za mionzi zikavuja. Wafanyakazi zaidi ya 20 walipimwa na kukutwa na kiasi kidogo mwilini. Ghala halikupokea taka tena hadi mwaka 2017.

Nyumbani hatari ni ya aina nyingine. Kimelea cha Toxoplasma, kinachoambukiza watu na wanyama, kilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1908 na Charles Nicolle na Louis Manceaux mjini Tunis, wakikichunguza kwa mnyama mdogo wa jangwani aitwaye gundi. Zaidi ya miaka 60 ilipita kabla haijathibitishwa, mnamo 1970, kwamba paka ndiye anayetoa mayai yake kwenye kinyesi. Mayai hayo huhitaji siku moja hadi tano ndipo yaweze kuambukiza, na ndiyo sababu kinyesi kinachoondolewa kila siku huwa na hatari ndogo mno. Mama mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo, au avae glavu na kunawa mikono kwa sabuni. Kumwaga mchanga chooni pia kuna madhara yake: bentonaiti hufutuka ndani ya bomba na kuliziba, na mayai ya kimelea husafiri hadi baharini. Huko California yamewaua fisi-maji wa baharini, na sheria ya jimbo hilo ya mwaka 2006 inataka mifuko ya mchanga wa paka ibebe maelezo ya kuutupa kwenye taka.

Katika Afrika Mashariki haya yote yalichelewa kuhitajika. Paka wa Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja huingia na kutoka watakavyo, na mchanga uko nje tele. Lakini ghorofa za Kilimani jijini Nairobi au Upanga jijini Dar es Salaam hazina ua, na paka wa ghorofa ya sita hana pa kuchimba. Wengi huanza na mchanga wa ujenzi au maranda ya seremala. Mchanga wa ujenzi ni mzito na hauzuii harufu, na maranda hunata kwenye manyoya na kusambaa sakafuni. Katika nyumba za Waislamu usambaaji huu una uzito wa ziada: mate ya paka hayahesabiwi kuwa najisi, lakini kinyesi na mkojo wake ni najisi, na nyayo zilizotoka kwenye sanduku zinaweza kukanyaga mswala. Hapo punje kubwa kidogo, zisizonata kwenye vidole vya paka, pamoja na mkeka mkavu mbele ya sanduku, vina faida ambayo kifungashio cha dukani hakiandiki.

Kwa anayenunua mara ya kwanza, mahali salama pa kuanzia ni udongo laini unaoganda madonge, usio na manukato wala vumbi jingi, uwekwe kina cha sentimita tano hadi saba. Paka wachanga hawahusiki na ushauri huu: hulamba na kumeza wanachokichezea, kwa hiyo punje za karatasi ni bora kwao kwa wiki za mwanzo. Asiye na uhakika aweke masanduku mawili yenye mchanga tofauti, siku kadhaa, aone lipi linachimbwa zaidi. Akitaka kubadili, achanganye mpya na wa zamani kidogo kidogo, kwa maana paka aliyebadilishiwa ghafla huweza kuhamia kwenye zulia. Madaktari wengi wa mifugo hupendekeza sanduku moja kwa kila paka na moja la ziada, yawe mbali na bakuli la chakula. Wenye paka wawili katika nyumba ya vyumba viwili watafute nafasi ya masanduku matatu.