Nguo Hazikauki Hii Julai? Hivi Ndio Utazianika Kejani Bila Ukuta Kuota Ukungu

Hii stori unaijua. Umefua Jumamosi asubuhi, jua limekataa kutoka, na kamba ya rufu huiamini kwa sababu juzi jirani aliibiwa jinzi mbili zikiwa bado zinadondoka maji. Basi nguo zote zinaingia kejani: mlangoni, kwa kiti, kwa kamba juu ya kitanda. Kufika Jumanne hudi bado ni mbichi, inanuka kama kitambaa cha kupanguza meza, na ukuta nyuma ya kabati umeanza madoa meusi.

Nairobi iko hivi kila mwaka kati ya Juni na Agosti. Ukiwa Limuru ama Nyahururu, pole sana. Baridi hatuiwezi, lakini hio harufu na huo ukungu tunaweza.

Maji huenda wapi?

Nguo haikaushwi na joto peke yake. Inakauka maji yakitoka kwa kitambaa, yaingie kwa hewa, halafu hio hewa iende zake. Beseni moja ya nguo zilizokamuliwa kwa mkono inaweza kubeba lita 2 za maji ama zaidi. Ukifunga mlango na dirisha, hizo lita hazijaenda popote. Ziko kwa hewa unayopumua, na zikigusa ukuta baridi zinarudi kuwa matone. Ukuta ukikaa majimaji, ukungu unamea, na kwa mtu wa asthma hio ni shida kubwa.

Kwa hivyo kazi yako si kupasha nyumba moto. Kazi ni kutoa maji nje.

Anza kabla hujaanika

Kamua nguo vizuri, kisha ziache bafuni ama juu ya beseni mpaka ziache kudondoka. Halafu fanya hivi: tandaza taulo kavu, weka nguo juu yake, zikunje pamoja kama chapati ya kurolishwa, kisha kanyaga ama finya kwa nguvu. Taulo itanyonya maji mengi ambayo mkono umeshindwa kutoa. Kwa jinzi na hudi hii ndio siri.

Pia usifue kila kitu siku moja. Nguo tatu nne jioni ni rahisi kukauka kuliko rundo la wiki mbili. Blanketi na mashuka mazito yangojee siku ya jua.

Pa kuanika na namna

Chagua sehemu moja karibu na dirisha, si nyumba nzima. Kama bafu lako lina dirisha, anika huko, fungua dirisha na ufunge mlango wa bafu ili unyevu usije kulala na wewe.

Acha nafasi ya ngumi moja kati ya nguo na nguo. Usiegemeze kitu kwa ukuta. Jinzi igeuze ndani nje, mifuko ining'inie. Hudi itie kwa henga, kofia iwe juu isilalie mgongo. Katikati ya siku zungusha: zilizo nyuma zije mbele.

Hewa iingie, hewa itoke

Angalia juu ya dirisha lako. Yale matundu ya hewa, si uliyaziba na gazeti ama karatasi juu ya baridi? Toa. Yaliwekwa hapo kwa kazi hii.

Ukiwa kwa nyumba, fungua dirisha na mlango kwa pamoja dakika 15 hivi, mara kadhaa kwa siku, hasa mchana. Ndio, kutakuwa baridi kidogo, vaa soksi. Hata hewa ya Julai, ikiingia na kupata joto la ndani, inabeba maji na kutoka nayo. Kama uko na feni, ilenge kwa nguo na uache dirisha wazi. Feni kwa nyumba iliyofungwa inazungusha tu unyevu ule ule.

Harufu nayo?

Harufu inatoka kwa bakteria wanaozaana nguo ikikaa mbichi muda mrefu. Marashi yanaifunika tu, ukitoa jasho kidogo inarudi, na hapo uko kwa mat watu wamekubana. Nguo ikishanuka, ifue upya na sabuni, maji moto kama kitambaa kinaruhusu, na safari hii ikauke haraka.

Kabla ya kukunja, gusa kiuno, mifuko na chini ya kwapa. Huna uhakika? Pitisha pasi. Mvuke ukitoka, bado. Nguo mbichi ikiingia kabati, inaambukiza zingine harufu.

Jiko la makaa: hapa hakuna mchezo

Kuna wasee huwasha jiko, wanalizungushia nguo, wanafunga mlango na kulala. Usijaribu. Makaa yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na imemaliza watu wakiwa usingizini. Kichwa kikianza kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi wa ghafla, toka nje mara moja, toa wenzako, kisha muende hospitali. Hakuna hudi ya bei hio.

Stovu ya mafuta taa na meko ya gesi pia si dawa. Zikiwaka zinaongeza mvuke kwa hewa, na nguo juu ya moto ni njia fupi ya kuchoma ploti nzima.

Ukungu umeshaingia?

Osha ukuta na maji ya sabuni, ukaushe kabisa, kisha sogeza kabati na kitanda vipumue. Ukitumia bleach, vaa glavu, fungua dirisha, na usiichanganye kamwe na asidi ya kuosha choo: zikikutana zinatoa gesi ya sumu.

Halafu kaa wiki mbili bila kuanika ndani. Doa likizidi kukua, huenda shida si nguo zako, ni paipu ama paa linalovuja. Piga picha, tumia landlodi, na usikubali akwambie ni wewe unafua sana.