Omoreri na Mtoto Asiyesikia: Hoja Kuhusu Lugha ya Kwanza Kisii na Nyamira

Robert LeVine na wenzake, waliowachunguza Wagusii wa Kenya miaka ya 1970 na kuchapisha matokeo mwaka 1994, walieleza malezi yaliyowashangaza wasomaji wa Marekani. Mama alimbeba mtoto mchanga, akamnyonyesha, akamtuliza upesi alipolia, ila hakuwa na mazoea ya kumkazia macho wala kuzungumza naye. Mama alipokuwa shambani, mtoto alishikwa na omoreri, yaani mtoto mlezi, mara nyingi dada yake. Hata hivyo lugha yao, Ekegusii, iliingia bila shida, kwa kuwa mtoto aliishi katikati ya mazungumzo ya wengine. Nadai kwamba malezi haya, yanayomtosha kabisa mtoto anayesikia, yanategemea sikio kuliko tunavyokiri. Mtoto aliyezaliwa kiziwi Keroka au Ogembo hubebwa mgongoni kwa upendo uleule, lakini maneno yanayosemwa juu ya kichwa chake hayamfikii. Itasemwa kwamba utafiti huo umechakaa na kwamba akina mama waliosoma huongea zaidi na watoto wao. Ni kweli, lakini kuzidisha maneno yasiyosikika hakumsaidii kiziwi; kinachomfaa ni lugha ya ishara.

Pingamizi zito zaidi ni hofu ya wazazi kwamba ishara zitamzuia mtoto kusema. Ushahidi unaelekea kwingine. Mwaka 2002 Rachel Mayberry na wenzake walionyesha kwamba watu waliopoteza usikivu baada ya kupata lugha ya mdomo waliimudu lugha ya ishara hata walipoanza kujifunza wakiwa wamechelewa; waliozaliwa viziwi na kukosa lugha utotoni hawakuwafikia. Lugha ya kwanza, ya mdomo au ya mikono, ndiyo inayofungua njia ya zinazofuata. Kwa hiyo mtoto aliyezibwa masikio na homa ya uti wa mgongo akiwa tayari anaongea Ekegusii, na yule asiyewahi kuwa na lugha yoyote, wanaweza kukaa dawati moja huku mahitaji yao yakitofautiana sana. Ishara za nyumbani nazo hutosha kuomba uji au kutumwa kuni, lakini si lugha kamili. Kule Nikaragua ziligeuka lugha pale tu watoto viziwi walipokusanywa shuleni Managua, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na waliozikamilisha ni wale walioingia wakiwa wadogo.

Mtoto mwenye sindromu ya Down, inayotokana na kromosomu ya 21 iliyozidi, hudhaniwa yuko salama kwa sababu anasikia. Lakini watoto hawa mara nyingi huwa na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, na huelewa mengi kuliko wanavyoweza kutamka. Ishara huwapa pa kuanzia wakati ulimi bado mzito.

Katiba ya 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya katika ibara ya 7, na ibara ya 120 imeifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Imefika Bungeni kabla ya kufika jikoni. Wazazi wengi huikuta mara ya kwanza mtoto anapopelekwa shule ya viziwi, miaka ya thamani ikiwa imekwisha kupita. Vituo vya kutathmini watoto wenye ulemavu, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984, vingeweza kutuma viziwi watu wazima majumbani mapema kufundisha ishara, na somo lao lisiishie kwa mama: omoreri ndiye anayeshinda na mtoto.